Maziwa Niliyomnyima Sechelela

Yuliana mwanangu,

Anayeandika ni Mama Yohana, jirani yangu hapa Gulwe. Mimi kalamu siijui. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembee.

Siku ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mama, mwanangu asikose maziwa." Kaka yako akatoa ng'ombe wa kumkamulia Sechelela. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Tumbo likamvimba, likaunguruma kama mashine ya kusaga, na kuharisha kusikokatika. Nikasema ni uyatima unamla. Nikamwongezea! Akikataa, nilimbana pua ameze. Nilimbana pua mwanao, Yuliana. Nisamehe.

Siku hizi za ruksa ya biashara maduka yamejaa, nikanunua na maziwa ya kopo. Yaleyale. Miguu ikawa vijiti, nikasema basi kalogwa.

Muuguzi wa zahanati akanibana maswali: tumbo linamuuma saa ngapi? Jibu likanitoka lenyewe: akishakunywa maziwa. Akasema, "Bibi, hakulogwa. Tumbo lake halimudu sukari iliyomo kwenye maziwa. Yapumzishe wiki mbili, tuone." Nikamwambia, we binti, kwenye maziwa yangu situmbukizi sukari! Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe imo humohumo tangu kwa ng'ombe, haionekani.

Basi agizo lako nikalivunja. Siku ya nne mtoto alicheza kutwa bila kujishika tumbo. Nililia, nikaficha uso kwenye kanga. Maziwa nauza stesheni, nanunua dagaa. Anawatafuna na mifupa yao, na ugali, na mlenda wa karanga. Wiki hizo zilipokwisha muuguzi akaniruhusu nijaribu mtindi, vijiko viwili pamoja na chakula. Tumbo limenyamaza. Nikiona limeamka, nampunguzia.

Sasa wifi yako wa Mlali, dada wa mumeo. Kasikia nauza maziwa, kaja kupayuka uani: "Mgogo gani hanywi maziwa? Bibi anakula mali ya yatima!" Anataka kumchukua akamnyweshe mwenyewe. Nikamwambia, "Mnyweshe hapahapa, ukae siku tatu, ufue wewe." Hata chai hakungoja.

Ameapa kurudi na wazee baada ya mavuno. Waje. Nitawapikia washibe, nitawaambia nilivyokosea, na muuguzi nitamwita. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, mtoto haondoki, hata wakiketi hapo uani mpaka mvua nyingine.

Pumzika, mwanangu, usihangaike huko. Mimi nimeshajifunga kibwebwe.

Mama yako