Nilichompakia Nakiru Akienda Loima

Baba Nakiru,

Ejok, nakusalimu. Hapa Lodwar tupo, jua ni lile lile, na cherehani yangu bado iko barazani chini ya mabati. Ningekuandikia mapema, lakini kila nikishika kalamu naona sina la kusema zaidi ya kwamba hupo, na hilo unalijua. Sasa limetokea jambo. Binti yetu Nakiru alipanda mlima wa Loima.

Najua ungefurahi. Mimi sikufurahi.

Alikuja kutoka Kakuma shule zilipofungwa. Bado anafundisha kule kambini kwa wakimbizi, darasa limejaa watoto mpaka sauti yake imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Alikuja na mwalimu mwenzake, Achol, msichana wa Sudan Kusini, mrefu, mlango wetu anaupita ameinama. Walioga, wakala, kisha Nakiru akasema huku anafuta sahani, bila kuniangalia, "Mama, wiki hii mimi na Achol tunapanda Loima. Ekidor ndiye anatupeleka. Tutalala huko juu siku kadhaa."

Nilikuwa nashona shati la sare. Niliendelea kukanyaga cherehani. Baadaye niliona nimeushona mkono wa shati ukafungika wote, hauna pa kutokea kiganja.

Nilimwambia haendi. Nilimwambia mlima ule umeshachukua mtu mmoja wa nyumba hii. Akaniambia taratibu, kama anavyosema na wanafunzi wake, "Mlima haukumchukua Baba. Daktari alisema ni kidole tumbo kilipasuka. Hata angekuwa amelala kitandani kingepasuka."

"Angekuwa amelala kitandani," nikamwambia, "hospitali iko hapo tu."

Macho yake yalijaa maji, akatoka nje. Nilishinda yale maneno na sikupata raha yoyote. Maana ni kweli, Baba Nakiru. Ungekuwa hapa ningekukokota mimi mwenyewe mpaka kwa daktari. Lakini ulikuwa kule juu, na watu wakakubeba kwenye blanketi lililofungwa kwenye miti miwili, na gari lilikuwa linakusubiri chini, na hukulifikia.

Kesho yake nilikwenda kwa Ekidor. Siku hizi anatengeneza pikipiki karibu na stendi, lakini akipata wageni wa kupanda bado anawapeleka kama mlivyokuwa mkifanya nyinyi wawili. Nilimkuta na mikono imejaa oili. Tangu siku ile aliyokuleta hatuwezi tena kukaa pamoja. Tunasalimiana, kila mmoja anapata shughuli. Nilimwomba amkatalie Nakiru. Nilimwomba kama mtu anayeomba chakula.

Alifuta mikono kwa muda mrefu. Akasema, "Mama Nakiru, mimi nikikataa atatafuta mtu mwingine. Na huyo mwingine hajui maji iko wapi. Wacha aende na mimi."

"Na wewe huogopi?"

"Naogopa. Kila nikipanda naogopa."

Nilidhani atasema haogopi. Nilirudi nyumbani kwa mguu, kwenye jua lile, na sikujua tena ni mlango gani mwingine wa kubisha.

Basi nikaamua kupakia. Kama siwezi kumzuia, nimpakie vizuri. Na hapo ndipo nilipoona kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakuangalia bila kujifunza. Ulikuwa unatandika mkeka, unamwaga kila kitu juu yake, kisha unauzunguka kama mtu anayechagua mbuzi. Unaokota soksi unaiuliza, "Wewe utanifaa?" Unaokota kikombe, "Na wewe?" Mimi nacheka, nakwambia utachukuliwa kuwa mwendawazimu. Lakini begi lako lilikuwa linatoka jepesi, na wageni wako walikuwa wanakuja na mabegi makubwa kuliko watu wenyewe, na ulikuwa unayafungua hapa barazani, unaacha nusu ya vitu vyao kwangu mpaka watakaporudi. Unakumbuka yule aliyebeba pasi? Alitaka nguo zake ziwe nzuri kwenye picha.

Nilikumbuka sweta. Ile nyekundu uliyonunua Kitale, nzito kama zulia. Jirani alikucheka, akakuuliza sweta ya nini Lodwar, unataka kujichemsha? Ukaivaa saa sita mchana ukaenda nayo sokoni, unasalimia watu, jasho linakutiririka, watoto wanakufuata nyuma. Ulirudi umelowa. Ukaniambia, "Hawa hawajawahi kulala Loima. Kule ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa."

Hiyo sweta, uliyoletwa umeivaa, nilimpakia Nakiru. Inamfika magotini. Nikampakia blanketi mbili, turubai la kujikinga mvua, kofia ya marvin ya kufunika masikio, soksi nyingi. Viatu alivyokuja navyo vilikuwa vipya, vinang'aa, nikamwambia hivyo vitamla miguu kabla hajaona mti, achukue vile vya zamani anavyovaa shuleni. Tukagombana kidogo. Unga, majani chai, sukari, chumvi, nyama iliyokaushwa. Kiberiti nikakitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga ili kisipate unyevu, hilo nilikuwa nimeliona kwako. Maji ya kutosha kufika kwenye chemchemi, maana kupanda kwenyewe ni mawe na miiba mitupu.

Dawa ndizo zilinishinda. Sikujua nichukue zipi.

Nikaenda kwenye begi lako.

Halijafunguliwa tangu Ekidor alilete. Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, na mimi nilikuwa nalipita kila siku. Nililishusha nikalifungua peke yangu, Nakiru na Achol wakiwa sokoni. Sukari ilikuwa imekuwa jiwe na sisimizi wameshaila wakaondoka. Betri za tochi zilikuwa zimevuja. Na chini, ndani ya kitambaa nilichokushonea mimi, zilikuwepo dawa zako. Ya homa, ya kuharisha, ya macho, plasta, bendeji haijatolewa kwenye karatasi yake, wembe mpya, chumvi ile ya kuchanganya na maji. Kila kitu kilikuwepo.

Nikuambie wewe tu, sijamwambia mtu. Nilipokuwa nafungua zile zipu nilikuwa naomba nikute umesahau kitu. Kitu chochote. Kidonge, kamba, sijui nini. Ningekutukana kwanza, kisha ningekwenda dukani nikakinunua, nikakitia kwenye begi la mtoto, na moyo wangu ungetulia. Lakini hukusahau kitu. Ulipakia kila ambacho mtu anaweza kupakia. Nilikaa sakafuni na zile dawa mapajani, na nikaelewa kwamba hata nimpakie duka zima, kile kilichokuua hakina dawa inayoingia kwenye begi.

Waliporudi walinikuta bado nimekaa. Achol ndiye aliyekaa chini nami. Nakiru alisimama mlangoni, hakuingia. Achol alianza kukunja soksi, polepole, mbili mbili, kisha akaniambia, "Mama, mimi nilitoka kwetu kuja Kenya kwa mguu. Nilikuwa mdogo. Siku ile hakuna mtu alipakia. Watu walisikia bunduki, wakatoka. Mama yangu alishika sufuria na ndugu yangu mdogo, basi."

Nikamuuliza, sufuria ya nini, na chakula hakuna?

"Hata yeye hakujua. Alisema mkono wake ulishika tu."

Nikamuuliza mama yake yuko wapi sasa. Akasema alifika nao mpaka mpakani. Kisha akaendelea kukunja soksi, na mimi nikaanza kukunja pamoja naye.

Waliondoka asubuhi kabla jua halijachoma. Ekidor alikuja na gari la kuwafikisha chini ya milima. Nilimfunga Nakiru mikanda ya begi kifuani kama nilivyokuwa namfunga vifungo akienda chekechea, na yeye akaniachia nimfunge. Aliniambia, "Mama, nitapiga simu tukifika Lorugum." Alipiga. Alisema wamekunywa chai. Baada ya hapo nikipiga nasikia yule mwanamke wa kwenye simu, kwamba mtu ninayempigia hapatikani. Nilimsikiliza mara nyingi. Sauti yake ni nzuri na haina habari yoyote.

Kisha likaja wingu. Asubuhi vumbi likiwa limetulia Loima inaonekana kwa mbali upande wa magharibi, unajua, kama mgongo wa ngamia aliyelala. Siku ile haikuonekana. Kulikuwa na weusi tu. Hapa kwetu hakuna tone, jua kali, na kule ni usiku wa mchana. Jioni nikasikia watu wanapiga kelele kwamba mto Kawalase umeshuka. Nikakimbia na watu. Mchanga tuliokuwa tunauvuka kwa miguu kila siku ulikuwa umekuwa maji mekundu, yanavuma, yanabeba magogo. Mzee mmoja pembeni yangu akasema kwa furaha, "Imenyesha Loima leo." Watoto wanashangilia. Mimi nimesimama pale naangalia matawi na majani na mizizi vikipita, natafuta kitu ninachokijua. Sweta nyekundu. Kofia. Nilisimama mpaka sikuweza kuona tena.

Nilitaka kupiga simu kwa mtu. Sikuwa na mtu wa kupigia. Nilitaka kumwomba Mungu, nikakuta ninachosema ni jina lake tu, Nakiru, Nakiru, tena na tena.

Alirudi, Baba Nakiru. Wote walirudi. Gari lilichelewa kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, walilala Lorugum, na simu yake ilikuwa imezima. Alishuka na midomo imepasuka, anachechemea, uso umeungua, anacheka. Nilikuwa nimepanga kumkemea, nikashindwa, nikamletea maji akanawa. Alinisimulia kuhusu ukungu, na miti ya mitarakwa yenye ndevu za kijani, na jinsi Achol alivyotetemeka mpaka wakamvika blanketi zote mbili. Mvua iliwakuta wakiwa wameshafunga turubai, kwa hiyo hawakulowa sana. Nilimsikiliza huku nimemshika mguu.

Kisha akaniambia Ekidor aliwaonyesha pale walipokulaza chini mara ya mwisho, ulipokata roho. Nilimwambia asinisimulie. Halafu nikamwambia anisimulie.

Akasema, "Mama, ni mahali tu. Kuna mawe na nyasi. Mbuzi walikuwa wanapita."

Mimi kila usiku kwa miaka hii miwili nilikuwa nakuona umelala mahali pabaya, penye giza, penye upepo. Kumbe ni mahali tu. Sijui kama nimefarijika. Nililia, na yeye akalia, na Achol akaenda kuchemsha chai.

Asubuhi yake, kabla ya kurudi Kakuma, aliniambia. Shule zikifungwa tena anataka kuwapeleka walimu wengine. Ekidor amekubali kumfundisha njia zote. Anataka kufanya kazi uliyokuwa ukiifanya, polepole, wakati wa likizo, mpaka watu wamjue. Alisema hayo akinitazama machoni safari hii, na nikaona ni wewe unayenitazama, na nikajua hakuna neno langu litakalomzuia. Nikamwambia tu viatu vyake vya shule vimekwisha soli, anunue vingine avivae vizoee.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Atapanda na atashuka, na mimi nitakuwa hapa, na kila mara nitakuwa hivi hivi.

Sikuombi umlinde. Nilikuwa nataka kukuomba, lakini nimeona ni kukuonea. Wewe huko uliko huwezi kumshika mkono, na mimi nilipo siwezi pia. Tuko sawa, mume wangu. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke, katika jambo moja, tuko sawa.

Pumzika huko kwenye mchanga wako. Ninakuahidi hili moja, kwa sababu ndilo pekee ninaloliweza: siku yoyote atakayorudi, hata kama ni saa gani, atanikuta nyumbani niko macho, na maji yapo motoni.

Ni mimi,
Mama Nakiru