Sura ya Mwisho ya Bupe

Jumamosi. Jua limetoka baada ya mvua za wiki nzima, na leo nina furaha.

Riwaya yangu imebaki sura ya mwisho. Inamhusu Bupe, binti aliyekataa mume aliyechaguliwa na baba zake wadogo, akapanda mtumbwi kwenda kijiji cha Ikombe kujifunza kufinyanga vyungu. Nimehangaika sana: arudi kuomba radhi, au abaki na udongo wake?

Nilishaamua arudi. Ni woga tu. Mimi ni mkamwana wa watu hapa Kyela, naimba kwaya, na maneno yao nilishayasikia kabla hayajasemwa: mke wa fulani anawafundisha mabinti kiburi.

Msikilizaji wangu ni mama mkwe. Namsomea kutoka kwenye simu tukigeuza kakao uani, naye kila mara ananihimiza nipaze sauti. Baba mkwe hakai nasi hapo uani. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Nikisikia kikohozi chake napisha njia. Wengi wameacha. Kwetu bado, na tangu niolewe mzee hajawahi kuniambia neno.

Leo nimesoma mwisho wenyewe. Bupe amerudi, amepiga magoti mbele ya ukoo. Kisha nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa jiko. Mama akainuka, akazunguka huko, akarudi anatabasamu.

"Baba yako anasema umemwonea yule binti. Mikono ikishajua kazi yake, utaiambia isahau? Anasema mwache hukohuko Ikombe."

"Kumbe huwa anasikiliza?"

"Tangu Bupe apande mtumbwi. Kigoda chake kiko pale. Ulidhani mimi ndiye nisiyesikia vizuri?"

Nimecheka hadi machozi yakanitoka.

Miaka yote hii niliuona ule ukuta kama kizuizi. Mzee niliyemwogopa kuliko wote ndiye aliyekuwa upande wa Bupe, na mila hakuivunja hata kidogo.

Kumjibu moja kwa moja siwezi. Basi nikamgeukia mama mkwe na kusema kwa nguvu, "Ndaga fijo, mama. Asante sana."

Ukuta ukakohoa.

Sura nimeifuta. Bupe habanduki Ikombe, na watakaosema waseme. Kesho tukitoka ibadani nitaanza kuiandika upya. Nikimaliza nitaisoma palepale uani, kwa sauti ya kufika nyuma ya jiko.