Viti vya Vyura Ulivyotuletea

Bwana yangu Amisi,

Mume gani wewe? Unamuacha muke wako mukongwe hapa Kindu, Ramazani inapita, Idi inapita, na muguu wako hatuuoni mulangoni. Wajukuu wengine wote nawaita kwa majina yao. Wewe peke yako njo nakuita bwana, tangu ulipokuwa unanyonya, na sasa bwana mwenyewe ametoroka. Treni ya kutoka Lubumbashi inachelewa, sawa, najua. Lakini inafika. Watu wanashuka na magunia ya unga, wanashuka na kuku, wanashuka na mafua. Wewe hushuki.

Na ninajua kwa nini hushuki. Usifikiri nyanya yako amezeeka mpaka kwenye akili. Mimi kalamu sikuishika hata siku moja, kwa hiyo nimemuita Mama Salima, jirani yetu anayefundisha, aandike maneno namna yanavyotoka kinywani mwangu, asiyapambe. Nimemuambia pia asiifunge barua hii. Anayetaka kuisoma, aisome. Nilikuaibisha mbele ya watu, siwezi kukuomba musamaha kwa siri kama muntu anayerudisha kuku wa wizi.

Ile siku wakwe walikuwa wanakuja kumuposa Zaina, binti wa shangazi yako Mwajuma. Mimi nilikuwa natafuta viti vya plastiki vya kuazima kwa majirani, vya kujaza chumba cha wageni. Wewe ulikuwa umefika na mizigo yako imeshonewa ndani ya magunia, ukaniambia, "Nyanya, salo uniachie, mimi njo nitaipanga." Nikakuachia. Nilijua kule Lubumbashi unatengeneza viti vinavyopendwa na watu wa muji. Nilifikiri ni viti kama viti.

Nikaingia. Mungu wangu! Viti vyote viko chini, vimechuchumaa, magoti juu pande mbili, vidole vya miguu vimetandazwa juu ya sementi. Mugongo wa kijani, tumbo jeupe. Vyura! Kabati la vikombe limesimama kwa muguu mumoja kama ndege yangeyange, ukilifungua linainamisha shingo. Na meza ni kobe. Ukivuta kichwa chake, kinatoka, ndani yake muko sukari.

Wakwe walikuwa tayari mulangoni. Muzee wao, yule munene mwenye kofia ya kutarizwa, akaangalia, akakaa, akapiga magoti yake kwa furaha: "Leo tutaunga udugu ndani ya bwawa!" Wote wakacheka. Mimi pia nikakaa, kwa heshima yao. Nikabaki pale pale. Kuinuka, magoti yakakataa. Nikajaribu mbele, nikajaribu upande, hapana. Wakanivuta. Dada yao mukono huu, na muzee wao mukono ule. Mukwe, Amisi! Mukwe mwanaume kunishika mimi mukono, kitenge changu kikianza kufunguka!

Niliposimama nilitafuta muntu wa kumutupia aibu yangu. Ukawa wewe. Nilisema, na Mama Salima aandike vilevile: "Musimuangalie huyu. Vita ilimuharibu kichwa tangu utoto."

Hata yule muzee aliacha kucheka. Wewe ulijibu tu, "Ndiyo, Nyanya," ukaanza kubeba viti nje kimoja kimoja, wageni wakisimama kukupisha. Asubuhi nikakuta mukeka wako umekunjwa.

Sasa nakuambia jambo ambalo hulijui lote. Sikuambii ili unihurumie. Wakati wa vita, katika ile nyumba yetu ya karibu na gare, pale treni inaposimama, risasi zilikuwa zinapita dirishani. Babu yako Saidi alichukua musumeno, akakata miguu ya viti vyote vya salo, ili muntu akikaa, kichwa chake kibaki chini ya dirisha. Vilikuwa viti vya harusi yangu, mbao ya muvula, kila Ijumaa navipaka mafuta. Miezi mingi tulikaa chini kama kuku. Vita ilipotulia wageni wakaanza kuja tena, na mumoja wao akasema, "Ah, hapa mulikuwa munaogopa kabisa!" Yeye alikuwa anatania. Kesho yake niliwaambia vijana wa jirani wavipasue viti vyote kuwa kuni, nikapikia sombe ya majani ya muhogo, ili muntu mwingine asije akaona kwa macho yake namna tulivyoogopa. Babu yako nikamupakulia. Alikula tu.

Basi ile siku, bwana yangu, mimi sikuona vyura. Niliona dirisha. Nikafikiri, mutoto huyu ameenda kuokota woga wetu, ameupaka rangi, sasa anauonyesha watu wacheke.

Shangazi yako njo alinifungua macho. Wewe ulikuwa umekwisha kwenda, na wakwe pia (ndoa haikuharibika, usiogope, Zaina ameolewa, anakusalimia), tuko tunaosha vikombe, akaniuliza:

"Mama, umesahau muchezo wa Papa?"

"Muchezo gani?"

"Wa vyura. Risasi zikianza, alikuwa anasema sasa sisi wote ni vyura, na chura hasimami, chura anakaa anangoja nzi. Anayesimama ametoka katika muchezo. Amisi njo alikuwa chura mukubwa, anavimbisha mashavu hivi. Tunacheka mpaka Papa anatuziba midomo."

"Uongo. Nilikuwa ndani ya nyumba ile ile, sikusikia muntu akicheka."

"Ungesikia namna gani, Mama? Ulikuwa chini ya meza, umeziba masikio."

Amisi, ni kweli. Nilikuwa nimeziba masikio. Nyumba moja, vyumba viwili, mimi niko na vita yangu, ninyi muko na bwawa lenu, na sikujua. Saidi naye aliishi na mimi miaka mingine mingi mpaka akafa, asiniambie. Angeniambia saa ngapi? Viti vyake vya vyura nilikuwa nimekwisha kumupikia.

Kwa hiyo kichwa kilichoharibiwa na vita ni hiki changu. Chako kilipita katika risasi zile zile, kikatoka na kicheko, kikakitunza miaka yote hii, kikatuletea nyumbani. Na mimi nikakutupia kicheko hicho usoni mbele ya wageni.

Uliviacha vyura chini ya paa la jiko. Nimevirudisha salo, na kobe, na yangeyange. Kila alasiri najikalisha. Kuinuka, Mwajuma ananivuta, mimi namutukana, yeye anacheka. Lakini usifikiri nimepona. Juzi alikuja mama mumoja wa musikitini, akaviangalia, akauliza, "Hivi navyo ni nini, Mama?" Nilikuwa na jibu lote kinywani: ni kazi ya mujukuu wangu, hivi njo babu yake alivyotuokoa. Lakini nikasema, "Ni viti vya watoto." Akaenda kukaa kwenye mukeka.

Nimekuaibisha mara ya pili, na safari hii hukuwepo hata kujibu "Ndiyo, Nyanya." Sijui kama nitaweza peke yangu. Wewe ukiwa hapa, nadhani nitaweza.

Ukija, usilete kiti kilichokwisha kutengenezwa. Leta vyombo vyako vya kazi tu, mbao ziko Kindu. Ufanye kazi mbele ya nyumba, muchana kweupe, pale watu wanapopita wakienda sokoni. Nitakaa karibu yako. Na muntu akisimama kuuliza unatengeneza nini, wewe nyamaza, endelea na kazi yako. Mimi njo nitamujibu.

Muke wako wa kwanza,
Nyanya yako