Msimjibu Anayeandika kwa Jina Langu

Mama, na wewe Kitindamimba,

Nimekimbilia ofisi ya kampuni ya simu. Ujumbe wowote utakaotoka kwangu leo msiujibu, hata ukiwa mtamu namna gani. Si mimi. Kitindamimba, mpigie shangazi umwambie kwa mdomo, maana huyo mwizi ameshaanza kumwandikia. Na uache kucheka.

~~Mama, usiguse tena simu yangu.~~

Mama, humu ndani simu ni kama mlango: aliye karibu ndiye anayefungua. Ndivyo ulivyotulea. Basi nilipokuwa naoga ukapokea yangu, mtu akakuita mama kwa adabu, akaomba namba iliyoingia kwenye ujumbe, nawe ukamsomea mojamoja. Namba ile ndiyo ufunguo. Haipewi mtu yeyote, hata akijiita mkurugenzi. Sasa amenifungia nje ya akaunti yangu ya ujumbe, anasoma mashairi yangu yote, hata yale niliyomtungia yule mshonaji wa jirani, ambayo mwenyewe hajayaona. Damu inanichemka!

Ukaniuliza, "Kumbe una siri unazonificha mimi mamako?" Nikakufokea mbele ya mdogo wangu, nikabamiza mlango wa chumbani. Jibu ni ndiyo, Mama, ninazo. Si kwamba sikupendi.

Huenda leo mwizi akakuandikia kwa jina langu, akakuomba radhi kwa vina alivyoviiba kwangu. Usimwamini. Ninayekuomba radhi ni mimi, hapa, kwa mkono wangu.

Kifunguamimba wako