Kilichoijaza Seva ya Maziwa

Levolosi, Arusha
Jumapili, tarehe 16 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Juzi simu ilikatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo leo nimekaa na kalamu, na nimeapa kukueleza yote, hata pale nilipokosea. Mama anaendeleaje na kifua? Mvua za huko Mpanda zimekwisha? Mimi na Shangazi Anaeli hatujambo, ila baridi ya Juni imetushika, na mlima hatujauona siku nne kwa mawingu.

Tangu tufunge shule naenda na Shangazi kazini, kule kiwanda cha maziwa Ngarenaro. Yeye ni karani, mimi nampangia risiti. Jumatatu asubuhi seva iligoma, yaani ile kompyuta inayotunza kumbukumbu zote za kiwanda. Kila tulipoingiza maziwa ya mfugaji, ilijibu kwamba diski imejaa. Na wafugaji walikuwa wameshateremka na madumu yao, foleni imefika getini.

Meneja wetu, Mama Gladness, akaja akasimama mlangoni. "Anaeli, ni kwaya yenu hiyo. Si uliweka nyimbo zenu humo?"

Shangazi hakukataa. Simu yake ilipoanza kuzima ovyo, alihamishia rekodi za mazoezi ya kwaya kwenye seva, akaziacha huko. "Ni zangu, Mama. Zifutwe tu," alisema, lakini alikuwa anatazama sakafu.

Baba, mle ndani yumo Babu. Ni sauti yake akifundisha kwaya miezi michache kabla hajafariki, na hakuna mahali pengine ilipobaki. Nilikukumbuka wewe, jinsi barabara ilivyokatika ukashindwa kuwahi mazishi yake, nikajikuta nimeshasimama.

"Mama, samahani, naomba tupime kwanza kabla ya kufuta."

"Upime nini? Seva ni ndoo?"

Kaka Lomayani, anayepokea maziwa dirishani, akacheka. "Mwache apime, Mama. Mimi sipokei dumu kwa macho. Povu peke yake linaweza kulijaza hadi shingoni. Naliweka kwenye mizani ndiyo naamini."

Mama Gladness akatazama saa. "Mpaka saa sita. Baada ya hapo kwaya inaondoka. Maziwa ya leo andikeni kwenye daftari."

Fundi wetu wa kompyuta, Kaka Sadiki, alikuwa Babati kikazi. Shangazi akampigia, akaweka simu mezani ili sote tusikie.

"Nani yuko kwenye kibodi?"

"Mimi Ruthi, wa kidato cha tatu."

"Haya, profesa. Andika ninachokutajia, herufi kwa herufi. Usifute kitu mpaka nikwambie."

Alinitajia amri ya kuorodhesha folda zote, kubwa zikiwa juu. Niliiandika kwanza kwenye daftari, nikaihakiki, ndipo nikaichapa. Folda ya kwaya nikaitafuta juu, haipo. Nikashuka, nikashuka, nikaikuta karibu na mwisho kabisa, ndogo kuliko hata folda ya picha za harusi.

"Harusi ya nani hiyo?" akauliza Lomayani.

"Ya mwanangu," akasema Mama Gladness. "Endelea, mtoto."

Folda ya juu kabisa ilikuwa ya kumbukumbu za programu ya kiwanda, inamoandika kila kinachotokea. Tukaingia ndani yake tukapima tena, tukaingia ndani zaidi tukapima, hadi tukafika kwenye faili moja. Faili moja tu, Baba, limekula zaidi ya nusu ya diski! Nikasoma sehemu yake ya mwisho. Ilikuwa habari ile ile ikijirudia: kipimajoto cha tangi namba mbili hakipatikani. Programu ilikuwa inakitafuta kila sekunde, inakikosa, na kila mara inaandika malalamiko marefu kama ukurasa.

"Tangi namba mbili?" Lomayani alishangaa. "Si liliuzwa mwaka juzi?"

Mama Gladness akasema, "Nililiuza mimi. Sikujua kuna kitu bado kinalisubiri."

Hapa ndipo nilipokosea. Kaka Sadiki alikuwa bado anaongea, mimi kwa furaha nikalifuta lile faili. Nikapima diski: imejaa vile vile. Zilibaki dakika ishirini kufika saa sita, na Mama Gladness alikuwa ameshavuta kiti karibu yangu.

"Profesa," akasema Sadiki, "umefuta?"

"Nimefuta, Kaka. Nisamehe."

"Nilikwambia nini? Programu bado imelishikilia. Umeliondolea jina tu, mzigo wake uko pale pale. Futa machozi, tuisimamishe programu."

Sijui alijuaje kuwa nalia. Tukaisimamisha, tukaliondoa tangi namba mbili kwenye orodha yake, tukaiwasha upya. Nikapima tena, na zaidi ya nusu ya diski ilikuwa tupu. Shangazi akaingiza maziwa ya bibi mmoja wa mbele kwenye foleni ya kusubiri risiti, na risiti ikatoka.

Mama Gladness alimwomba Shangazi radhi mbele yetu sote. Ila alisema nyimbo ziondoke hata hivyo, maana seva ni ya kazi, na nadhani ana haki. Alhamisi nilizihamishia kwenye flashi mbili, nikafungua moja moja kuhakikisha zinalia. Shangazi hajazisikiliza tangu mazishi. Babu alipokohoa na kusema, "Besi, msikimbie, tembeeni," Shangazi alitoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nilisikiliza peke yangu hadi mwisho. Kwenye rekodi ya mwisho anawafundisha wimbo mpya, kisha anawaambia, "Huu hatuuimbi kanisani bado. Tunamsubiri mwanangu aje kutoka Mpanda."

Msalimie Mama sana, na mdogo wangu Yona, mwambie kalamu zake nimezipata. Msalimie na mwalimu mkuu wako aliyenitafutia uhamisho wa shule kuja huku. Shangazi anakusalimu, anasema wanakwaya bado wanaukumbuka wimbo ule.

Baba, naomba unijibu mara upatapo barua hii: nikutumie sauti ya Babu kwenye simu, au niitunze mpaka utakapokuja uisikilize hapa pamoja nasi?

Mwanao akupendaye,
Ruthi