Kambare wa Mama Kulwa

Jumatatu, 3 Februari

Taarifa ya saa moja nimesoma vizuri. Mtambo ulikoroma katikati ya bei za dengu. Niliendelea.

Kabla ya hapo, kabla hata ya mswaki, nilifungua ukurasa wa Deus. Nafanya hivi kila asubuhi, kama mtu anayegusagusa jino bovu kwa ulimi. Deus alikaa miaka mitatu kwenye meza iliyotazamana na yangu hapa redioni. Nilimfundisha kuuliza swali fupi. Nilimfundisha kunyamaza baada ya kuuliza. Sasa ana ukurasa wake mtandaoni, na Shinyanga nzima inamjua kwa jina moja. Mimi najulikana kwa sauti. Watu sokoni husikia nikiagiza nyanya ndipo wanageuka.

Leo ameweka picha ya Mama Kulwa, mjane wa kijiji kile nje ya Songwa. Amesimama kwenye tope la lambo, bwawa la kijiji, amekumbatia kambare mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, anacheka hadi magego yanaonekana. Juu yake Deus ameandika: "LEO lamboni. Usukumani samaki wapo, nyie kaeni na dagaa zenu."

Si leo. Ni Novemba. Nilikuwepo. Tulienda na gari la ofisi, yeye kwa lifti yangu. Kijiji kilikuwa kinajadili kulifunga lambo mvua zikianza, samaki wazae, kama wanavyoifunga ngitili, malisho yao ya akiba, nyasi ziote. Niliandika habari. Yeye alipiga picha.

Mimi pia nilipiga. Ya kwangu ilipendwa na watu kumi na mmoja, wawili wakiwa dada zangu, nikaiondoa mtandaoni.

Ya kwake sikuhesabu. Namba ilikuwa inapanda nikiangalia. Nina wivu. Naandika ili nisije nikauita jina jingine.

Jumanne, 4 Februari

Simu kutoka kijijini saa ya chakula. Ni mwenyekiti wa kijiji. Anataka kujua kama redio ina habari.

Lambo limefungwa tangu Desemba. Dagashida, mkutano wao wa jadi, ulikaa ukaamua: hakuna mgono, hakuna nyavu, hakuna ndoana hadi watangaze wenyewe. Sungusungu ndio walinzi. Jana picha ya Deus iliingia kwenye kundi la simu la kijiji. Kila mtu aliiona. Imeandikwa leo. Mama Kulwa amevua wakati lambo limefungwa, na amejitangaza.

Mkutano ni Jumapili. Adhabu inayotajwa ni kutengwa. Mtu aliyetengwa hasalimiwi. Hasagiwi mashineni. Haazimwi jembe. Hakuna anayeingia kwake, hata kwa msiba.

Nilimuuliza mwenyekiti kama yeye anaamini. Alisema, "Mama Neema, imeandikwa leo. Mimi nifanyeje?"

Usiandike leo kama si leo. Hilo nilimfundisha wiki yake ya kwanza.

Nilikula ugali wote. Nilikuwa na hamu ya kula kuliko kawaida.

Jumatano, 5 Februari

Nimeipata picha yangu. Ipo kwenye simu ya zamani. Mama Kulwa yuleyule, kambare yuleyule, gauni lilelile la kijani. Nilisimama mbali, kama kawaida yangu. Samaki mdogo, lambo kubwa.

Nimechaji simu. Nimeiweka kwenye pochi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Februari

Nilikwenda kijijini. Nilijiambia ni kwa ajili ya habari ya malambo. Mvua imekatika tangu katikati ya Januari, na hilo ni kweli. Maji yamerudi nyuma, tope limepasuka pembeni.

Hawakungoja Jumapili. Mashineni nilimkuta Mama Kulwa na ndoo yake ya mahindi. Wengine walisagiwa, waliofika baada yake nao wakasagiwa. Mwenye mashine hakumfukuza. Alijifanya hamwoni tu. Nilimsalimia kwa sauti, "Mwangaluka, Mama Kulwa," na wanawake watatu waligeukia upande wa pili.

Aliniongoza kwake. Nyumba imepigwa chokaa upya. Ana mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa ameolewa Kharumwa. Doto anatarajiwa kutolewa mahari mwezi ujao, mshenga ameshapanga siku. Mama huyu hakuzungumzia aibu yake. Alizungumzia ng'ombe.

"Wakinitenga, nani atawapokea wale ng'ombe? Nisimame uani peke yangu nihesabu kwa vidole? Wakwe watageuza na mifugo yao." Kisha akasema, "Wewe ulikuwepo, mama. Hata ulipiga. Nilikuona umesimama kule mbali kama mtu anayeogopa kuchafua viatu."

Nilisema nitaangalia kama bado ninayo.

Pochi ilikuwa mapajani mwangu.

Ijumaa, 7 Februari

Deus alikuja ofisini. Hajakanyaga hapa tangu aondoke. Wasichana wa mapokezi waliomba kupiga naye picha. Ndiyo, hata wa mapokezi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Amekonda, au ni fulana. Ameifuta picha jana jioni baada ya kupigiwa simu. Alidhani atatuliza mambo. Kijijini wamepata jibu walilolihitaji: mjane angekuwa msafi, Deus asingefuta. Picha yenyewe walishaihifadhi kwenye simu zao, na lile neno juu yake. Ya asili haipatikani tena kwenye simu yake ya kazi. Zilizobaki ni zile alizozikata na kuzing'arisha, hazina chochote nyuma.

Alikiri bila kuzungushwa. Wiki ilikuwa kavu, hakuwa na kitu cha kuweka. Alitafuta ya zamani iliyokuwa nzuri, akaandika leo ili ionekane mbichi. "Watu hawapendi ya juzi, mwalimu. Ukiandika Novemba wanapita."

Nilimwambia mimi naandika Novemba miaka yote.

"Ndiyo," alisema, "na mimi nasoma." Hakuwa anakejeli. Ingekuwa afadhali.

Akauliza kama nilipiga picha siku ile. Nikasema nitaangalia. Mara ya pili wiki hii. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekaa nyumbani, mtaa wa Kambarage, na rasimu. Kichwa: picha ya mtandaoni yamtenga mjane. Nimeshaandika aya ya kwanza na hajatengwa bado.

Niliweke hili wazi, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nikitoa picha kabla ya mkutano, ni meseji moja. Mwenyekiti anaangalia, anasema kumbe, mambo yanaisha, Deus anaomba radhi, wanampenda zaidi. Nikiitoa baada ya hukumu, ni habari. Ina mjane, ina ng'ombe waliogeuzwa, ina mwandishi maarufu aliyepotosha. Kila neno litakuwa la kweli. Itasikika hadi nje ya mkoa. Jina langu litakuwa mwishoni, kwa sauti yangu mwenyewe.

Na Mama Kulwa ataondolewa adhabu baadaye. Wiki mbili, labda tatu. Ng'ombe watakuwa wameshakwenda kwingine.

Nimepika, nimefua, nimesoma aya ile mara nyingi. Ni nzuri.

Jumapili, 9 Februari

Niliwahi. Watu walikaa kivulini ukutani mwa ghala la pamba, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mshenga wa Doto alikaa mbele, kofia gotini. Amekuja kuona mwenyewe. Deus alisimama nyuma, bila kamera. Nilikaa karibu na wanawake na pochi yangu.

Mtemi wa sungusungu ni Mzee Ng'wandu. Alishika simu mbali na macho yake akasoma kwa sauti. Kisha akasema, "Hapa wameandika leo. Leo ni leo."

Deus aliomba radhi. Aliita "baba", aliita "wazazi wangu", alisema picha ni ya Novemba na kosa ni lake. Mtu akapaza sauti, "Kama ni ya Novemba, mbona uliifuta? Ungeiacha tuitazame!" Wakacheka. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono. Nilifurahi. Furaha yenyewe ilikuwa fupi na haikuwa na ladha niliyoitegemea.

Mama Kulwa alipopewa nafasi hakulia. "Samaki wa Novemba tulimla mimi na Doto, mifupa akala paka. Mnataka nimtapike?"

Wengine walicheka, wengine walikemea. Mzee Ng'wandu aliuliza kama yupo mwenye neno. Akauliza tena. Mshenga alichukua kofia gotini akaivaa, tayari kuondoka.

Ni ile kofia. Sina maelezo mengine. Nilisimama nikasema ninayo picha.

Nilidhani maji yatatosha. Niliwaonyesha: tazameni, lambo limekauka, hii ni kabla ya mvua. Mzee mmoja akasema lambo limekauka hata sasa, mvua imekatika, nitoke nikaangalie. Kweli. Miaka yote kazini, na hilo nililiona kwa macho yangu Alhamisi, na sikulifikiria. Nikasema simu imeandika tarehe. Wakasema na ile nyingine imeandika leo. Simu ilizunguka mkono kwa mkono ikiwa haina kazi.

Ilifika kwa Mama Masanja, mpika pombe. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ngoja, ngoja. Huu si ule mgunga?" Akasimama. "Mgunga huu nimepikia pombe ya Krismasi! Kuni zake zimeisha kwangu mwezi uliopita. Umesimamaje tena?"

Walinyang'anyana simu. Mgunga ule ulikuwa kando ya lambo, upande wa kushoto. Uliangushwa na dhoruba ya kwanza ya Desemba, wiki moja kabla ya lambo kufungwa. Kila nyumba ilichukua kuni. Katika picha yangu umesimama mzima, nyuma ya bega la Mama Kulwa, mkubwa kuliko yeye na samaki wake. Nimeitazama picha hiyo siku nne. Sikuuona mti.

Hukumu haikuchukua muda. Mama Kulwa hana kosa. Mwenye mashine atamsagia madebe mawili bure, kwa pupa yake. Deus alisimamishwa katikati. Mzee Ng'wandu alisema lambo likifungwa na picha za samaki zimefungwa, mpya na za zamani, kwa yeyote mwenye simu. Akanitazama na mimi. Nikaitikia.

Mshenga alivua kofia.

Walipotawanyika mwenyekiti aliniomba niitume picha kwenye kundi la kijiji, kwa kumbukumbu. Niliituma. Rasimu ya jana nimeifuta njiani, garini.

Jumatatu, 10 Februari

Habari yangu imesomwa baada ya bei za mazao. Ilipunguzwa ili kupisha tangazo la mabati.

Deus ameandika kuomba radhi. Maandishi marefu, mazuri, hana visingizio. Ameweka picha yangu, lakini samaki amemziba kwa rangi nyeusi, kwa kutii amri. Chini ameandika: "Picha ya mwalimu wangu." Hakutaja jina. Nadhani alidhani ni heshima.

Inapendwa kuliko ile ya kwanza. Watu waliohamia migodini Geita wanaandika kwamba walichunga chini ya mgunga ule, mmoja anasema alitahiriwa mwaka ulipopigwa radi. Nilisoma maoni yote. Nilichelewa kikao cha asubuhi.

Ijumaa, 14 Februari

Hakuna cha kuandika. Nimefungua ukurasa wake mara mbili tu.

Jumamosi, 15 Machi

Mahari ya Doto. Nilialikwa, nilikwenda. Ng'ombe walifika wote, wakajadiliwa mmoja mmoja, wawili wakakataliwa kwa kukonda, wakaletwa wengine. Mama Kulwa alisimama uani na ndugu na majirani pande zote. Mwenye mashine alikuwa mstari wa mbele, akitoa maoni kuhusu pembe. Tulikula nyama na wali. Samaki hakuna. Lambo bado limefungwa.

Deus alipiga picha za ng'ombe. Kuhusu ng'ombe hakuna amri. Aliandika leo, na ilikuwa leo.

Wakati wa kuondoka Mama Kulwa alinivuta kando. Anataka picha ya ukutani, ya siku ile ya kambare. Lambo likifunguliwa ataitundika sebuleni, mkabala na mlango. Nikamwambia ninayo, nitaisafisha.

"Si hiyo yako, mama," alisema, akinigusa mkono ili nisikasirike. "Hiyo yako ni ya mti. Nataka ile ya Deus. Ile naonekana."

Nilimwomba Deus. Alikuwa nayo mahali, alinitumia papo hapo. Jioni nimepita studio hapa Kambarage nikaagiza saizi kubwa na fremu. Kijana wa studio aliipenda, akauliza kama nimepiga mimi.

Nikasema hapana.

Ipo mezani sasa, imefungwa kwenye gazeti. Niliifungua mara moja kuhakiki. Anaonekana vizuri. Kila jino.