Breki ya Msumeno wa Viunza

Ijumaa, 2 Mei

Kosa la wengi ni hili: wakishaona msumeno hauli petroli, hudhani hauli mafuta kabisa. Wanauchomeka kwenye soketi kama pasi na kuanza kukata. Mnyororo unakwenda mkavu, unapata moto, na upanga wake, lile bapa refu la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, unageuka rangi ya buluu. Umeme huzungusha. Haulainishi. Nimeyasema haya mara ngapi.

Leo baada ya swala nimefanya kazi yangu ya kila wiki. Waya nje ya soketi kwanza. Kifuniko cha pembeni, unga wa mbao, mswaki mkuukuu. Meno kwa tupa ya mviringo, kila jino mara tatu, kwa kusukuma na si kuvuta. Mafuta ya mnyororo mpaka kwenye alama. Mwaka fulani nilikuta tangi limejazwa mafuta yaliyobakia kukaangia viazi karai. Yalikuwa yameganda kama gundi. Aliyeyatia aliona mafuta ni mafuta. Sikumgombeza. Nilimwonyesha.

Mwisho breki. Mikono miwili, mnyororo unazunguka, nasukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Tak. Umesimama papo hapo.

Msumeno si wangu. Ni wa msikiti wetu hapa Magogoni, wa kukatia viunza, zile mbao za kumfunika maiti kaburini. Kamati ilinikabidhi nilipostaafu ualimu wa ufundi. Funguo za stoo ni mbili, mmoja kwangu, mmoja kwa Athumani, maana mauti hayangoji mtu arudi sokoni. Mimi na Athumani tulikaa mkeka mmoja chuoni tukijifunza Kurani tukiwa watoto.

Naandika kama kwamba yuko mwanafunzi anayesoma. Mazoea.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Binti yangu wa Changamwe amejifungua salama, mtoto wa kike. Nakwenda kwa siku tatu.

Nimempitia Athumani kumwambia stoo iko mikononi mwake. "Nenda Mwalimu, msumeno nao upumzike na darasa lako," akasema. Watu wa barazani wakacheka. Nami nikacheka.

Alhamisi, 8 Mei

Mwandiko mbaya leo.

Nilirudi jana. Leo asubuhi amefariki Bi Mwanaisha, jirani wa nyuma ya msikiti. Maziko baada ya Alasiri. Viunza havikuwepo. Havipo kamwe. Kwetu mtu akikata viunza kabla ya maiti huambiwa anaita msiba. Kwa hiyo hukatwa kwa pupa, kaburi likishachimbwa, kwa kipimo cha ukuti wanaouleta wachimbaji. Miaka yote nimepinga. Sijashinda.

Nilipofika Athumani alikuwa ameshautoa msumeno na kuuchomeka, chini ya banda la mabati. Kombo, fundi kanzu, ndiye mkataji wetu. Alishavaa miwani ya kinga. Nilitazama mafuta. Nilitazama mnyororo. Nilishika kinga ya mbele, nikaiona inasogea kirahisi mno. Nikauliza, "Breki umeijaribu?"

"N'shaijaribu, wallahi," akasema Athumani. "Kateni bwana, watu wako makaburini wanarowa."

Nikaacha.

Kombo alikata mbao tatu vizuri. Ya nne ilikuwa imelala juu ya nyingine. Ncha ya upanga ikagusa ubao wa chini. Ncha ikigusa kitu kigumu kwa pembe yake ya juu, msumeno hupiga teke: unaruka kumrudia aliyeushika, na jicho haliwahi. Breki imewekwa kwa ajili ya hapo tu. Msumeno unaruka, mkono unagonga kinga, kinga inaachia breki, mnyororo unasimama.

Haukusimama.

Mkono wa kushoto wa Kombo, juu kidogo ya kiganja. Nilichomoa waya. Nikamkandamiza jeraha kwa kilemba changu, mkono juu, nikaita gari. Alikuwa akisema, "Vidole vyangu, Mwalimu, vidole vyangu," kwa sauti ya chini, kama anayeuliza.

Mbao zilizobaki nilizikata kwa msumeno wa mkono. Ule ubao wa nne ulikuwa na damu, nikauweka kando. Bi Mwanaisha amezikwa kwa wakati. Sikulia mpaka nilipofika nyumbani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimetoka hospitali. Kano mbili zilikatika, zimeshonwa. Daktari hajui kama vidole viwili vitakunja tena. Watu hudhani fundi kanzu ni mkono wa kulia kwa sababu ndio unaochoma sindano. Wa kushoto ndio unaoshika kitambaa, unaokivuta, unaojua. Kombo hana kazi nyingine.

Ameniuliza, "Mwalimu, breki haikushika?" Hakulaumu. Ingekuwa afadhali alaumu.

Baada ya swala nimefungua kifuniko. Vichwa vya skrubu vina mikwaruzo mipya, ya bisibisi isiyolingana. Ndani, ukanda wa breki upo. Springi inayouvuta haipo. Ingekuwa imekatika ningekuta kipande. Imetolewa.

Na kwenye pembe za kifuniko kumejaa unga mwekundu na majani membamba kama sindano. Mvinje. Viunza vyetu ni vya mnazi. Mtaani kwetu hakuna mvinje hata mmoja. Iko Nyali, kwenye nyua za wenye majumba.

Funguo ni mbili. Nimehesabu tena, kama mjinga. Mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwendea Athumani. Nimeuliza taratibu, tukiwa wawili. Amesema msumeno haukutoka stoo. Amesema akinitazama machoni. Nimeona anasema uongo, naye ameona kwamba nimeona.

Nimerudi. Sijala.

Jumapili, 11 Mei

Kikao cha kamati baada ya Adhuhuri. Niliweka msumeno mezani, nikaonyesha mahali pa springi. Imamu akauliza swali la haki: nani aliufungua? Mimi. Nani alikuwepo? Hakuna. Kosa langu, tena la mwanafunzi wa muhula wa kwanza. Mashine iliyojeruhi mtu haifunguliwi peke yako. Unaita shahidi, ndipo unashika bisibisi. Nilikuwa na hasira, nikashika bisibisi kwanza.

Athumani akaomba kusema. Hakupaza sauti. Ningestahimili kelele.

"Jamani, Mwalimu ni ndugu yangu, hilo mwalijua. Lakini macho yamekuwa mazito, na mambo humpotea. Huenda springi aliitoa mwenyewe akisafisha, akasahau. Huu mvinje hata upepo wauleta. Tumpumzisheni kwa heshima yake."

Mtu mmoja akasema, "Maskini Mwalimu." Maskini! Bora angenitukana.

Wamechukua ufunguo wangu, wakampa yeye. Sasa anazo zote mbili. Mnyororo mpya utanunuliwa, kwa kuwa ule uliomkata Kombo hakuna anayetaka kuuona. Springi itatafutwa, ikipatikana. Walisema "ikipatikana" kama wanavyosema kuhusu taa ya kibarazani, isiyowaka hadi leo.

Nimesalitiwa. Neno ni hilo, sitafuti jingine. Na kinachouma zaidi ni kwamba alichagua vizuri. Aliijua hofu yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, mwezi wa Ramadhani, kwamba naogopa kusahau.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hakuna kazi. Nimenoa visu vya jikoni vyote. Mke wangu amesema vinatosha.

Jumatano, 14 Mei

Athumani amekuja asubuhi, mke wangu alipotoka tu kwenda sokoni. Nadhani alikuwa akingoja aondoke. Akaweka juu ya meza karatasi iliyofungiwa sambusa, ina mafuta. Ndani, springi.

Alisema mivinje iliangukia ukuta wa mtu Nyali. Alisema binti yake anaolewa mwezi ujao, ikaonekana kazi ya malipo ya siku mbili si dhambi. Alisema msumeno ulikuwa ukimkatiza. "Kila nikiingia kwenye matawi, tak, wasimama. Nafungua, naanza, tak. Ulinichosha, Mwalimu. Nikaitoa. Nilikusudia kuirudisha, ukanitangulia kurudi."

Nikamweleza. Kwa sauti ile ile ya darasani, sijui niliipata wapi. Kwamba breki haimkatizi mtu kazi. Inashika ncha ikigusa na msumeno ukianza teke. Kwamba kwenye matawi yaliyobanana ncha hugusa kila mara, ndiyo sababu matawi hayakatwi kwa ncha, hukatwa kwa sehemu ya upanga iliyo karibu na mwili wa msumeno, miguu imetulia, hakuna kunyanyua juu ya mabega. Kwamba kila tak aliyoisikia kule Nyali ilikuwa mkono wake umebaki mahali pake. Yeye aliona usumbufu.

Alijipangusa mafuta ya karatasi vidoleni. Mvua ilisikika.

Kisha akasema alilojia. Niirudishe kimya kimya, naye ataniombea ufunguo kwa kamati. "Wakwe wakisikia itakuwaje? N'sitiri, ndugu yangu."

Alinivua nguo kikaoni, leo anataka shuka kwangu.

Nimemwambia simtangazi wala simfichi. Mkono si wangu. Twende kwa Kombo, amwambie mwenyewe, mimi nikiwepo. Ameondoka bila kuaga. Springi ameiacha.

Alhamisi, 15 Mei

Nimewaza mabaya. Msumeno usio na breki uko stoo, una mnyororo mpya wenye meno makali kabisa, na mtaani petu mtu yeyote anaweza kufa leo. Viunza vitatakiwa kwa pupa, kama kawaida. Kombo hawezi kushika. Atakayeshika ni Athumani.

Nilikaa na wazo hilo kwa muda. Nililipenda. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kuwa nilikuwa mtu mwema siku zote.

Ilipoadhiniwa Alasiri, Athumani akaja mlangoni. "Twende," akasema.

Kombo alikuwa ameketi kando ya cherehani yake, imefunikwa leso. Athumani alianza kusema akiwa amesimama, akamalizia akiwa chini kwenye mkeka. Alisema yote. Nyali, springi, kiapo, na yale ya kikaoni. Kombo aliinua mkono wenye bendeji, akajaribu kukunja vidole mbele yetu. Viwili havikwenda. Akajaribu tena, polepole, akitazama vidole na si sisi.

Kisha akasema, "Arusi ipite. Mwana hana kosa. Ijumaa ya kwanza baada ya arusi utasimama msikitini useme hivi hivi ulivyosema hapa. Usiposimama wewe, nitasimama mimi. Na mimi sina haja ya kusema, nitainua tu huu."

"Naam," akasema Athumani. Sijawahi kumsikia akisema naam kwa mtu mdogo kwake.

"Na Mwalimu je?" Kombo akaongeza. "Aitwe kipofu mpaka lini?"

Nikasema naweza kungoja. Si kweli sana. Lakini niliitazama bendeji, nikaona zamu yangu ni ya pili.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imekatika. Ardhi ya uwanjani inanuka vizuri.

Asubuhi tulikuwa watatu stoo. Kombo kwenye kiti cha plastiki, mkono umening'inizwa shingoni, ndiye shahidi. Waya nje ya soketi. Nimetia springi, nimefunga skrubu kwa bisibisi inayolingana. Kisha Athumani akauchomeka, akajaribu breki mwenyewe, mara tatu, kwa kifundo cha mkono, kama nilivyomwelekeza. Imeshika mara tatu. Ilipofika ya tatu alifumba macho.

Akakata ubao mmoja wa majaribio kwa ule mnyororo mpya. Akafunga stoo. Funguo zote mbili akazitia mfukoni mwake. Kombo akasema asante, sikujua anamwambia nani.

Sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe, na leo sitaki kujua. Nilipopita barazani wameniamkia kwa huruma, neno moja moja, kama mtu anayelishwa uji. Nimeitikia shikamoo zao zote.

Mchana, mkono ukiwa kwenye sahani, nimekumbuka jambo ambalo sikumwambia Athumani. Mnyororo mpya ukishapata moto mara ya kwanza hurefuka. Unalegea, na uliolegea huweza kuruka kutoka kwenye upanga. Ubao mmoja unatosha kuulegeza. Yeye hajui hilo. Uliokazwa sawasawa, ukiuvuta kwa chini unapaswa kurudi wenyewe, na bado uzunguke kwa mkono uliovaa glavu.

Leo, kabla ya Alasiri: nenda kwa Athumani, mwambie ahakikishe waya umechomolewa na mnyororo umepoa, kisha aukaze.